Mashine Ikiwa na Shaka, Tuiache Iseme



Muhula uliopita, katika somo la takwimu, nilipewa zoezi la kuifunza kompyuta itambue lugha ya mzungumzaji. Nikawarekodi wenzetu watatu wa klabu, kwa ruhusa yao, wote wakizungumza Kiswahili. Kompyuta ikaamua: aliyekulia Mombasa, Kiswahili, wa Lubumbashi, Kifaransa, wa Muscat, Kiarabu. Tulicheka sana. Nilipotazama namba zilizo nyuma ya uamuzi ule, kicheko kiliniisha.

Njia niliyotumia ni modeli ya mchanganyiko. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1894 Karl Pearson alichunguza vipimo vya kaa wa Naples vilivyokusanywa na Weldon. Mchoro wake uliegemea upande mmoja, naye akaonyesha kwamba unaweza kuelezwa kama kengele mbili zilizolaliana, yaani huenda makundi mawili yamechanganyika. Mwaka 1977 Dempster, Laird na Rubin walieleza kwa ujumla njia ambayo kompyuta huitumia hadi leo: kukisia kila kipimo ni cha kundi gani na kwa uwezekano gani, kurekebisha makundi, kisha kukisia tena mpaka mabadiliko yaishe.

Jibu la modeli hii, basi, ni mgao wa uwezekano. Kwa mwenzetu wa Lubumbashi, Kifaransa kilikuwa kimekizidi Kiswahili kidogo mno. Mstari mmoja tu wa programu ndio uliochukua namba kubwa na kutupa nyingine. Mstari huo niliuandika mimi.

Nieleweke: mgao huo hausemi kwamba yeye ni nusu Mswahili. Unasema kwamba modeli, kwa yale iliyofunzwa, haina uhakika. Na nani aliifunza? Mimi, kwa sauti za watangazaji wa taarifa ya habari peke yao. Kiswahili cha Lubumbashi haikuwahi kukisikia.

Wanaotenganisha sauti wanalijua jambo hili. Watu wawili wakirekodiwa pamoja, ukikipa kila kipande cha sauti mwenyewe mmoja tu, mara nyingi hubaki makelele ya ajabu. Ukigawa kwa kadiri ya uwezekano, sauti hutoka laini zaidi.

Kuna watakaosema kwamba mwishowe lazima uamuzi ufanyike. Kweli. Lakini palipo na shaka, mtu anaweza kuulizwa: unazungumza lugha gani? Huu si mchezo wa darasani. Tangu 2017 idara ya uhamiaji na wakimbizi ya Ujerumani imekuwa ikitumia programu inayokisia lahaja za Kiarabu za waomba hifadhi. Siku Kiswahili kitakapopimwa hivyo, Mkongomani mwenzetu asije akaambiwa lugha ya mama yake si yake.

Kwa hiyo ninawaomba mnaosomea kompyuta: msiifute shaka ya mashine ili matokeo yapendeze. Na sisi wengine tutoe sauti zetu, za kila pwani na kila bara. Mimi nimeshaanza kurekodi upya.