Msafara wa Baiskeli na Mifuko Miwili

Miongoni mwa mapendekezo yaliyofikishwa mbele ya chama chetu muhula huu, lipo moja lililozua mjadala kuliko yote: kwamba badala ya karamu ya kuchangisha fedha, wanachama wapande baiskeli, waende kwa pamoja kutoka Kisumu hadi Busia, na kila mwendeshaji atafute wahisani watakaomwahidi kiasi fulani cha fedha kwa kila kilomita. Fedha hizo zitawalipia karo wenzetu wanaolazimika kuahirisha masomo. Wapo waliolicheka pendekezo hili. Wanasema kwamba huo ni mchezo wa wageni, na kwamba mwenye nia ya kutoa na atoe tu, hana haja ya kumtazama mtu akitokwa na jasho. Mimi naliunga mkono, ila kwa sharti moja ambalo sijalisikia likitajwa na upande wowote.

Tuanze na hilo jasho. Yeyote aliyesoma Kiswahili anayajua maneno ujima na msaragambo. Yote mawili yanataja kazi kabla ya kutaja fedha. Harambee nayo, katika miaka iliyofuata uhuru wa 1963, ilikuwa ya mikono: watu walibeba mawe na kufyatua matofali, shule zikasimama. Baadaye ikageuka kuwa jukwaa la mwenye kipaza sauti. Jina la mtoaji likasomwa pamoja na kiasi alichotoa, na mwenye shilingi hamsini akajikunyata nyuma ya hema. Mambo yalifika mahali ambapo Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ililazimika kuwawekea maafisa hao mipaka katika uchangishaji. Katika msafara wa baiskeli, anayetoka jasho ni yule yule anayeomba. Hata mwenye shilingi moja kwa kila kilomita anakuwa mhisani, wala hapana anayemtangaza. Sioni ugeni wowote hapo. Naona desturi yetu ikirudi nyumbani kwa magurudumu mawili.

Sasa nije kwenye sharti. Nilipata kushiriki msafara wa namna hii miaka kadhaa iliyopita. Waandalizi wake sitawataja. Tulipewa fulana mpya, kofia, maji ya chupa, na mbele yetu likatangulia gari lenye vipaza sauti vilivyoweza kumwamsha maiti. Tulipokuwa tukiukwea mlima mmoja, alitupita mzee aliyevaa kandambili, akiendesha Black Mamba yenye gunia la makaa kwenye keria. Aliniuliza tulikuwa tukilipwa kiasi gani. Nikamjibu kwamba hatulipwi, sisi ndio tuliolipa. Alinitazama kwa huruma, kisha akaenda zake. Fedha zilizochangwa siku ile tulitangaziwa kwa shangwe. Zilizobaki baada ya fulana, gari na chakula hatukutangaziwa hadi leo.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu: gharama za msafara zisiguse hata senti moja ya mhisani. Pawe na mifuko miwili. Wa kwanza ni wa safari, nao ujazwe na ada ya washiriki na wafadhili waliokubali kwa hiari kuigharimia safari yenyewe. Wa pili ni wa karo, usiofunguliwa kwa jambo jingine lolote. Jambo hili si ndoto. Huko Massachusetts, Marekani, msafara uitwao Pan-Mass Challenge ulianza mwaka wa 1980 ukiwa na waendeshaji 36, wakachanga takriban dola 10,200 kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Dana-Farber. Kufikia mwaka wa 2024, jumla ya michango yake ilikuwa imepita dola bilioni moja. Waandalizi wake hujivunia kwamba kila dola inayochangishwa na mwendeshaji huifikia taasisi hiyo, kwa kuwa gharama za msafara hulipwa kwingineko. Kinyume chake, AIDS/LifeCycle, msafara wa siku saba kutoka San Francisco hadi Los Angeles ulioanza mwaka wa 2002, ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka wa 2025. Waandalizi walisema kwamba gharama zilikuwa zimepanda na washiriki kupungua. Ikiwa gharama zinaweza kuuzima msafara uliokusanya mamilioni, sembuse wetu?

Huenda mtu akauliza baiskeli zitatoka wapi, maana wengi wetu hatuna. Tukodi. Tena tuwakodie wale wanaoishi kwa baiskeli. Tusisahau kwamba neno bodaboda lilizaliwa huko huko Busia, pale waendeshaji wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo mpakani. Pikipiki ziliongezeka mno baada ya kodi ya zile ndogo kuondolewa mwaka wa 2008, na wenye baiskeli wakasukumwa pembeni. Ada ya kukodi ikiingia mikononi mwao, mfuko wa kwanza utakuwa umefanya hisani kabla hata hatujaanza safari. Na fundi wa kuziba pancha atakayetufuata atoke miongoni mwao. Hakuna aijuaye barabara ile kumshinda.

Barabara yenyewe si ya mzaha. Ni zaidi ya kilomita 100, ikipitia Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala, na malori ya kwenda Uganda hayamwonei haya mwendesha baiskeli. Kwa hiyo tusafiri kwa siku mbili, tuanze alfajiri, kila mmoja avae kofia ngumu, na mwendo uwe wa yule aliye nyuma kabisa. Anayetaka kushindana atafute mashindano.

Fulana sizihitaji. Wanaozitaka wajinunulie. Ninachokiomba kwa mweka hazina ni karatasi mbili kwenye ubao wa matangazo: ya kwanza kabla hatujaondoka, ikionyesha kila gharama na anayeilipa, ya pili wiki moja baada ya kurudi, ikionyesha fedha zilizoingia katika mfuko wa karo na idadi ya wanafunzi waliolipiwa.