Galarraga alimaliza kazi, karatasi ikamkana

KATI ya rekodi zote za michezo nilizowahi kuzipitia, iliyonikera zaidi wala si ya soka. Ni karatasi ya takwimu ya mechi ya besiboli iliyochezwa Detroit, Marekani, Juni 2, 2010: Detroit Tigers 3, Cleveland Indians 0.

Mrushaji wa Tigers, Mvenezuela Armando Galarraga, alirusha mipira 88 katika awamu zote tisa. Hakuruhusu pointi hata moja. Mechi ilikwisha kwa dakika 104, yaani kama ya soka ukiweka na mapumziko. Halafu kuna tarakimu moja inayochoma. Mapigo aliyoruhusu: 1.

Hiyo 1 ni uongo, na kila mtu anajua.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, timu hutolewa wapigaji watatu kila awamu, hivyo awamu tisa ni auti 27. Mrushaji akiwatoa 27 mfululizo bila hata mmoja kufika salama kituo cha kwanza, hiyo ndiyo mechi kamili. Tangu karne ya 19 hadi siku ile, ligi kuu ilikuwa imeshuhudia 20 tu.

Jamaa alishatoa 26. Wa 27, Jason Donald, akapiga mpira wa chini, Miguel Cabrera akauokota na kumrushia Galarraga aliyekuwa amekimbilia kituo cha kwanza. Mpira ulifika kabla ya mkimbiaji. Mwamuzi Jim Joyce akanyoosha mikono: salama! Marudio ya televisheni yakaonyesha kachemka.

Galarraga akatabasamu tu, akarudi kurusha, akamtoa Trevor Crowe. Auti 28 katika mechi ya auti 27.

Joyce alipoona picha alikiri kosa lake hadharani, akamwomba Galarraga radhi huku akilia. Waamuzi wangapi unawajua wa namna hiyo? Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea karatasi ya kikosi, Joyce akifuta machozi. Lakini kamishna wa ligi, Bud Selig, akagoma kuugeuza uamuzi.

Hoja ya kumtetea Selig naielewa: ukifungua mlango huo, kila mwenye kinyongo atataka kupita. Siku 25 tu baadaye, kwenye Kombe la Dunia pale Bloemfontein, shuti la Frank Lampard lilivuka mstari wa goli la Ujerumani na mwamuzi akapeta. England ilikuwa nyuma 2-1, ikafa 4-1. Bao lile huwezi kulirudisha, maana hakuna anayejua mechi ya 2-2 ingekwendaje.

Ya Detroit ni kesi nyingine kabisa. Auti ile ilikuwa ya mwisho. Ukiisahihisha, Tigers wanabaki na 3-0 yao ileile. Kinachofutika ni pigo moja la Donald na zamu ya Crowe, ambaye kwa haki hakupaswa hata kushika gongo. Baada ya hapo hakuna kitu cha kukisia.

Na wasituambie vitabu vyao havigusiki. Mei 2024 ligi hiyohiyo iliingiza rasmi takwimu za ligi za zamani za wachezaji weusi, waliokuwa wamefungiwa mlango na ubaguzi. Josh Gibson akampiku Ty Cobb kwa wastani wa kupiga wa muda wote, .372 dhidi ya .367. Uamuzi safi. Sasa ya dakika moja inashindikana vipi?

Soka ilileta teknolojia ya mstari wa goli kwenye Kombe la Dunia 2014. Mwaka huohuo besiboli ikapanua marudio ya video hadi kwenye maamuzi ya vituoni. Kwa utaratibu wa sasa, kosa la Joyce lingefutwa kabla Crowe hajasogea.

Juni 2023 Domingo Germán wa New York Yankees aliandikwa kuwa wa 24 kurusha mechi kamili. Kwa hesabu yangu alikuwa wa 25.