Kiapo kisichoapwa, mhuri upo!



Jumamosi moja niliuacha mnada wa Msalato umechangamka, moshi wa nyama ya mbuzi unapaa, nikadandia daladala kwenda Dodoma mjini. Kisa? Mhuri. Mdogo wangu alikuwa anaomba mkopo wa elimu ya juu, na fomu ilitaka mhuri wa hakimu au kamishna wa viapo. Mahakama imefungwa, nikaelekezwa stesheneri moja. Kijana akapokea fomu na hela, akapotelea nyuma ya pazia, dakika mbili karudi. Mhuri upo, saini ipo! Wakili sikumwona. Na huyo anayesemekana kuapa mbele yake alikuwa Msalato anachota maji.

Nami nilipokea, sijitoi kwenye lawama. Lakini tuulizane: kiapo hicho kiliapwa wapi?

Sheria ya Notari na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inamtaka kamishna aandike kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo. Na mhuri wenyewe hauokotwi barabarani. Huku Bara njia ya kawaida ni uwakili: shahada ya sheria, halafu Law School jijini Dar, halafu kukubaliwa na Jaji Mkuu, ndipo uombe cheti cha unotari. Mwaka 2022 kati ya wanafunzi 633 wa Law School walifaulu moja kwa moja 26 tu, mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kenya nako, huwi notari mpaka uwe wakili wa miaka 5. Marekani, majimbo mengi hayadai hata uwe mwanasheria.

Hoja yangu ni hii: mlango tumeubana, ila kazi yenyewe hatuilindi. Ngazi yote hiyo ndefu, mwisho wake mhuri unalala kwenye droo ya stesheneri!

Kwa nini kuapisha na kuthibitisha nakala za vyeti wasipewe wahitimu wa sheria waliopimwa kwa mtihani mfupi, wakae kwenye kata, wawe na daftari la kila kiapo na saini ya aliyeapa? Mikataba mizito na nyaraka za kwenda nje wabaki nazo mawakili.

Mtasema watu feki watajaa. Jamani, ufeki si ndio huo niliolipia? Msalato kuna mradi wa uwanja wa ndege wa kimataifa, ardhi inatafutwa. Leo ni fomu ya mkopo. Kesho mzee atakuta hati ya kuuza shamba lake, imegongwa mhuri, yasema aliapa mbele ya mtu asiyewahi kumtia machoni. Atamshtaki nani, pazia?

Huo ni mtazamo wangu. Naomba kutoa hoja.