Mashine ya kahawa haimfanyi mtu kuwa wa maana

Kuna watu wanaosema kwamba nyumba isiyo na mashine ya espresso imebaki nyuma. Neno hilo tunalikataa.

Tuangalie kwanza kazi ya mashine yenyewe. Espresso inataka maji ya digrii 90 hadi 96, yasukumwe kwa nguvu ya bari 9 hivi, kwa sekunde 25 hadi 30. Ndiyo maana mashine nyingi za nyumbani hula wati zaidi ya 1000. Paneli ndogo ya jua inayowasha taa mbili na kuchaji simu haiiwezi. Na umeme ukija usiku wa manane kisha ukakatika asubuhi, mashine hiyo ni pambo la kabati.

Anayepata umeme kila asubuhi na kunywa vikombe vitatu vinne, anunue, hatumkatazi. Lakini mwenye mbabula atafute birika la moka, lililoanza Italia mwaka 1933. Halina waya. Maji hukaa chini, kahawa katikati, na mvuke husukuma maji juu. Haitakuwa espresso kamili, ila ni kahawa nzito. Makala yawe machache, moto mkali huiunguza.

Na mama aliyekimbia na sufuria moja tu? Achemshe maji, atie kahawa iliyotwangwa, afunike dakika nne, achuje kwa kitambaa safi. Mbabula ibaki nje ya hema: makala hutoa hewa ya sumu isiyoonekana, nayo huua watu usingizini.

Aibu ya kweli iko pengine. Arabika inalimwa Kalehe, Kabare na Idjwi, inasafirishwa Ulaya na Marekani, na sisi tunanunua kahawa ya kopo kutoka mbali. Kuna wenzetu waliozama katika Ziwa Kivu wakivusha magunia usiku kwa mtumbwi. Kuna wakulima ambao hawajawahi kuonja kahawa ya shamba lao.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa dola zako kwa chombo, uliza kahawa utakayotia ndani inatoka wapi. Nunua kwanza kilo moja kwa mkulima wetu. Feza hiyo itampikia mtoto wake chakula. Mashine iliyozimwa haimlishi mtu.