Baharia Aliyekataa Gwaride



Anapofariki mzee aliyepata kuwa askari, mara nyingi taazia yake huanza na vita. Tunataja meli, cheo na nishani zake. Kazi iliyomlisha yeye na wanawe tunaiachia mstari mmoja wa mwisho. Kwa maoni yangu mazoea hayo yana kasoro, na maisha ya Claude Choules yanaonyesha kwa nini.

Choules alizaliwa Uingereza mwaka 1901, akaingia jeshi la majini angali kijana mdogo. Mwaka 1918, akiwa katika manowari HMS Revenge, alishuhudia manowari za Ujerumani zikijisalimisha. Mwaka uliofuata aliziona zikizamishwa na mabaharia wake wenyewe huko Scapa Flow. Mwaka 1926 alihamia Australia. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikabidhiwa jukumu la kuilipua bandari ya Fremantle iwapo Wajapani wangevamia. Baada ya utumishi wake alinunua mashua, akavua kambakoche kwa takribani miaka kumi. Alifariki Mei 2011 akiwa na umri wa miaka 110, askari wa mwisho anayejulikana miongoni mwa waliopigana Vita vya Kwanza.

Mtu wa namna hiyo ungemtarajia mbele ya kila gwaride. Kumbe sivyo. Alikataa kuandamana Siku ya Anzac, kwa kuwa aliona inavitukuza vita. Alivijua vita kuliko wengi waliovisifu.

Pengine utasema kwamba taifa lina haki ya kuwaenzi walioitumikia bendera yake. Nakubaliana nawe. Lakini kumsifu marehemu kwa jambo alilokataa kusifiwa kwalo ni kumtumia, si kumkumbuka. Raia mwema humsikiliza mzee kwanza, ndipo akatunga sifa.

Nasi Afrika Mashariki tuna deni kama hilo. Jina la Kariakoo, mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi katika Vita vile vile vya Kwanza. Kabla ya kubebeshwa mizigo ya jeshi, watu hao walikuwa na mashamba yao, nyavu zao na ufundi wao. Jina la kikosi tunalitamka kila siku. Majina ya wengi wao hatuyajui, na kazi za mikono yao hatukuziuliza.

Desemba 2011 jeshi la majini la Australia lilianza kuitumia meli iliyopewa jina la HMAS Choules. Januari 2020, moto wa nyika ulipouzingira mji wa Mallacoota, meli hiyo iliwachukua watu waliokwama ufukweni na kuwafikisha mahali salama. Naamini heshima hiyo ilimfaa kuliko mizinga ya salamu.

Basi, kabla hujaandika habari za mzee yeyote wa mtaani kwako, mwamkie, uketi, umuulize: “Shikamoo mzee, kazi yako ulifundishwa na nani?” Habari za vita, akipenda, atakusimulia mwenyewe. Asipopenda, hilo nalo uliandike.