Svalbard: Dubu mweupe apewe nafasi yake

Tangu tarehe 1 Januari 2025, mtalii anayefika Svalbard, visiwa vya Norwe karibu na ncha ya kaskazini, hana ruhusa ya kumkaribia dubu mweupe chini ya mita 300. Kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni, ni mita 500.

Wenye kuuza safari walilalamika: wageni wanalipa pesa nyingi kwa siku chache tu, na kila mmoja anataka picha ya karibu. Hata hivyo, sheria hiyo ni ya haki.

Siku hizo ambazo kwa mgeni ni likizo, kwa dubu ni siku za kutafuta chakula. Anavizia sili juu ya barafu, na barafu yenyewe inaendelea kupungua. Mashua ikimshtua, windo linamponyoka na nguvu zake zinapotea bure. Mwezi wa tatu na wa nne, majike wanatoka mapangoni na watoto wadogo.

Tena, mtu na dubu wakikutana, wote wanaweza kupoteza. Agosti 2020, dubu aliua mtu kwenye kambi ya watalii huko Longyearbyen. Naye akapigwa risasi akafa.

Virunga pia, ziara kwa gorila wa milimani ni saa moja tu, na barakoa mdomoni. Hakuna anayesema huo ni uonevu. Mgeni asiyetosheka na darubini, afazali abaki kwake.