Macho ya Umma Yasidharauliwe

Mwaka 2007, wataalamu wa elimu ya nyota wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walielemewa na kazi. Darubini iliyoko New Mexico, Marekani, ilikuwa imepiga picha za galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zipatazo milioni moja. Kila moja ilitakiwa ijulikane umbo lake: ni ya duara kama yai, au ina mikono iliyojizungusha? Kompyuta za wakati ule hazikuweza kuzipambanua vema. Kevin Schawinski, mmoja wa wataalamu hao, alikwisha kukagua galaksi 50,000 kwa macho yake mwenyewe.

Ndipo walipouomba umma msaada kwa njia ya intaneti, katika mradi uitwao Galaxy Zoo. Hawakudai shahada, bali macho na uaminifu. Katika mwaka wa kwanza watu zaidi ya 150,000 walitoa majibu yapatayo milioni 50, bila ya ujira.

Wapo watakaouliza: asiye msomi ataaminiwaje? Jibu ni kwamba kila picha ilipitiwa na watu wengi, na kosa la mmoja likasahihishwa na wenziwe. Hata majibu yalipoonyesha kwamba galaksi nyingi mno huzunguka upande mmoja, wataalamu waliwaonyesha watu picha zilizogeuzwa kama kwenye kioo. Ikadhihirika kwamba upungufu ulikuwa katika macho ya binadamu, si mbinguni.

Leo kompyuta, zilizofundishwa kwa majibu hayo hayo, huainisha galaksi kwa mamilioni. Je, umma sasa uambiwe kwaheri? Sisi tunasema hapana. Mashine hujibu ilichoulizwa. Lakini mwaka ule wa 2007 mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona doa la ajabu kando ya galaksi moja, akauliza ni kitu gani. Swali hilo halikuwamo katika orodha ya mtu yeyote. Ilibainika kuwa ni wingu kubwa mno la gesi, na mwaka 2009 jina lake likawekwa miongoni mwa waandishi wa taarifa ya kitaalamu.

Huo ndio uungwana. Wataalamu wanaotumia jasho la umma hawana budi kuutaja, na kuurudishia matokeo kwa lugha inayoeleweka. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.